Tochi ya Wodi ya Wanaume na Posa ya Deo wa Kimuli

Haya jamani, wahudumu wapya, na nyie manesi mliojibanza nyuma mnajifanya mnakunja gozi za vidonda, sogezeni mabenchi. Mwenye simu aizime, mwenye njaa avumilie, na mwenye kucheka aanze sasa, mbele huko atakosa pumzi. Mimi Wilbard, mnaniita Mzee Tochi, nimestaafu mwezi juzi. Nimeambiwa niwaachie maneno ya kazi. Anayeandika ni dada Jovina wa masjala, maana shule mimi niliiona kama tunavyoiona Rwanda tukiwa vilimani Kyerwa: ipo, inapendeza, ila sijafika. Nimemwambia Jovina asipunguze neno. Akipunguza nitajua tu, kwa sababu hatacheka.

Marehemu baba yangu yeye alitokea hukohuko Rwanda, alivuka na ng'ombe wawili na uongo mwingi. Ng'ombe walikufa. Uongo nikarithi mimi. Kwa hiyo mkisikia mahali nimezidisha, gaweni kwa mbili, kitakachobaki ni kweli tupu.

Siku yangu ya kwanza hapa hospitali nilikabidhiwa vitu vitatu: ndoo, machela na Mzee Byabato. Ndoo haikuwa na neno. Machela ilikuwa na gurudumu la mbele linalopenda kushoto. Ukitaka kumpeleka mtu chumba cha upasuaji, unalenga jikoni, unafika. Kuna mgonjwa mmoja wa ngiri nilimzungusha siku nzima mpaka akapona njiani, akashuka, akanisaidia kusukuma. Jovina, andika.

Mzee Byabato alikuwa mganga msaidizi. Mkono wake mmoja ulikuwa unatosha kufunika sahani ya matoke. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na somo lake la kwanza halikuwa la kufagia. Aliniambia hivi: mwanaume wa huku kwetu akiwa na shida ya chini hasemi. Atakwambia kiuno. Ukimuuliza kiuno kinauma upande gani, anaangalia dirishani. Akishaangalia dirishani, wewe usiulize tena. Funga pazia, lete tochi.

Ndiyo tochi yenyewe hii, ya betri tatu, nimeibadilisha balbu mara nyingi kuliko nilivyobadilisha suruali. Kazi yake ni hii. Mtu ana uvimbe kwenye korodani. Unafunga dirisha chumba kiwe giza, unaiweka tochi nyuma ya uvimbe, unawasha. Mwanga ukipita mwekundu kama taa ya nyuma ya lori, hayo ni maji, ni busha, atafanyiwa upasuaji wake na kurudi nyumbani anacheza. Mwanga ukigoma, pakawa peusi kama chungu, hicho ni kitu kigumu, na hapo utani unauweka mfukoni. Halafu hata mwanga ukipita, msimwachie mtu aende bila daktari kumpapasa, maana kuna maji yanayoficha jiwe ndani. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Nimeshika tochi miaka mingi kiasi kwamba sokoni Kayanga wanaume wengine nawatambua, lakini siyo kwa sura.

Na nyie vijana wa kiume msicheke tu, sikilizeni. Mara moja kwa mwezi, ukishaoga maji ya moto, ngozi ikiwa imelegea, chukua moja moja, iviringishe taratibu kati ya kidole gumba na vidole viwili. Inatakiwa iwe laini kama yai la kuchemsha lililomenywa. Kwa nyuma kuna kamshipa kamejikunja, hako umezaliwa nako, usije kunikimbilia unalia. Ila ukikuta kigumu, hata kama ni kadogo kama punje ya mahindi, hata kama hakaumi, njoo. Kwanza kutokuuma ndiko kunakotuua. Kwetu sisi ugonjwa ni kile kinachouma. Kisichouma tunakiita baraka.

Nawaambia hivyo kwa sababu ya fundi matofali wa Nyakakika. Kijana, hata ndevu hazijakamilika, mabega kama mlango wa ghala. Alikaa na uvimbe karibu mwaka mzima. Mama yake alimpa dawa za majani, akapelekwa kwa mtu akachanjwa chale, wakasema ni mshipa, wakasema ni jirani, wakasema ni baridi ya mabondeni. Alipoletwa kwetu alikuwa anakohoa na shingoni ametokwa na jiwe lingine. Niliwasha tochi, giza tupu. Mzee Byabato alinigusa bega tu. Daktari akaandika rufaa ya Mwanza, ndugu wakarudi nyumbani kwanza kujadiliana nani aende naye, na kikao kikasubiri kahawa ivunwe. Aliporudishwa hapa, nilimsukuma mimi kwenye machela mara ya mwisho. Siku hiyo lile gurudumu lilikwenda sawasawa, halikupinda hata kidogo. Sikutania mtu siku mbili. Watu wakadhani nina malaria.

Sasa miaka imepita, Mzee Byabato ameshastaafu, akaletwa daktari mgeni kutoka nchi za barafu. Tulimwita Dokta Mrefu. Alikuwa mrefu, jamani. Kila mlango wa hospitali hii una alama ya paji lake, tukisikia "puu" tunajua raundi imeanza. Alizoea kukaa na mimi kwenye benchi la nje tunakula ndizi za kuchoma. Nikamsimulia habari za fundi wa Nyakakika. Akaacha kula. Akasema kwao ugonjwa huo upo, tena unawashika vijana walewale wa umri uleule, na karibu wote wanapona.

Nikamuuliza kama wa kwao ni mdogo. Akasema ni uleule. Nikamuuliza kama vijana wao wana korodani za aina nyingine, za kiwandani. Akacheka, akaanza kunihesabia kwenye vidole: mtu anakuta uvimbe bafuni, kesho yake anapigwa picha, wiki hiyohiyo anakatwa, kipande kinapimwa hapohapo, na dawa zikitakiwa ziko kabatini zinamsubiri. Basi. Hakuna kidole cha uchawi. Nikamwambia, kumbe kwenu mtu anaugua Jumatatu, Ijumaa yuko nyumbani anakunywa chai. Kwetu anaugua Jumatatu, Ijumaa bado anamtafuta shemeji mwenye pikipiki.

Nikiwa na hayo kichwani ndipo akatokea Deo.

Deo ni bodaboda wa Kimuli, hamkosi kumjua, yule mwenye kofia ya njano. Siku hiyo alimleta bibi mmoja mwenye kikohozi, akamshusha, halafu yeye mwenyewe akakaa juu ya pikipiki upande, miguu pamoja, kama bibi harusi. Nikamwangalia. Nikamuuliza vipi mjukuu wangu. Akasema kiuno. Nikamuuliza upande gani. Akaangalia dirishani, na pale nje hatukuwa hata na dirisha, akalitafuta la famasi akaliangalia.

Nikamvuta mpaka nyuma ya pazia. Tochi, giza. Nikamwita Dokta Mrefu, puu, akaingia. Akampapasa, wakampiga altrasaundi, wakampiga na picha ya kifua, kifua kilikuwa bado safi. Akamwambia Deo kwamba hiyo inafanana sana na kansa, korodani moja itolewe wiki hii, na ikiwahiwa kuna matumaini makubwa.

Deo akavaa suruali, akasema hapana.

Sababu yake ilikuwa posa. Alikuwa amemposa Adventina wa Kamuli, msichanganye na Kimuli ya Deo, binti mpole, mahari imeshatoka, harusi imebaki miezi miwili. Wakwe wakisikia ni mtu wa korodani moja, alisema, watarudisha kila kitu kwa maandamano. Akaniambia, "Babu, niacheni nioe kwanza. Mkinikata baadaye, atakuwa ameshanizoea."

Nikamtafsiria Dokta Mrefu kwa Kiswahili chepesi. Akasema miezi miwili inatosha kansa kupanda kifuani, na kwamba akiwa kwao asingekubali kusubiri hata wiki mbili. Kijana ana uhai wake mkononi, anataka kuutoa kwa sababu ya aibu. Nikasema basi, tutakwenda kuwaambia wakwe wenyewe, wakikataa wakatae mchana kweupe. Deo baba yake alishafariki, akaniomba niwe mshenga. Aliniomba huku ameshika kichwa, maana anajua mdomo wangu. Dokta Mrefu naye akasema anakuja, hajawahi kuona posa.

Tulifika Kamuli Jumamosi asubuhi. Baba wa binti, Mzee Laurian, ni mtu wa kukubali kila kitu. Mwenye neno pale ni dada yake, Shangazi Kokugonza, ambaye ndiye alimlea Adventina. Shangazi huyu ni mdogo kama kifaranga, lakini sauti yake ni kengele ya kanisa la kigango. Tukatoa shikamoo, tukaketi kwenye mikeka, tukaletewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kama desturi. Adventina akapita anagawa, macho chini. Deo alikuwa anatafuna mpaka kahawa inalia mdomoni.

Nikaanza kwa Kinyambo kizito, nikasifu migomba, nikasifu ng'ombe, nikasifu hadi mbwa, halafu nikaingia. Nikaeleza ugonjwa, nikaeleza kisu. Nikawaambia wasiogope, korodani ya pili Mungu aliiweka kama tairi la akiba.

Shangazi akatafuna taratibu. Akasema pikipiki haina tairi la akiba, na huyu ni mtu wa pikipiki.

Nikageuza njia. Nikamwambia, Shangazi, wewe ni mkulima. Tunda la kahawa lina punje mbili, lakini mengine huwa na punje moja tu, ya mviringo, na inakaangika vizuri kabisa. Akasema hizo yeye huzichambua na kuziweka pembeni.

Jamani, mimi niliyemshawishi mgonjwa wa kichaa arudishe ufunguo wa stoo, nilijaza kahawa mdomoni. Mzee Laurian alishaanza kuangalia zizi, kama mtu anayewaza ng'ombe yupi ni wa kurudishwa. Deo alishaanza kuinuka. Dokta Mrefu akaniuliza kwa chini wanasema nini, nikamweleza. Halafu akasimama, puu, boriti ya nyumba ikatingishika, vumbi likatumwagikia wote. Akasema kwa Kiswahili chake cha kujikaza:

"Mimi ninayo moja. Nyingine ilitolewa nikiwa kijana kama Deo. Ugonjwa huu huu. Nina watoto watatu."

Hata mbuzi waliacha kutafuna. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekula ndizi na mtu huyu karibu mwaka na sikujua. Mimi, Mzee Tochi!

Shangazi Kokugonza akamtazama kutoka miguuni kwenda juu, safari ndefu ile. Akasema, "Mgeni tunamheshimu. Lakini hapa kwetu hatununui ng'ombe kwa kusimuliwa."

Na ni kweli, mnajua wenyewe. Mnyama wa mahari anashikwa meno, anainuliwa mkia, anatembezwa. Kwa hiyo akateua wazee wawili wakakague: Mzee Laurian mwenyewe, na jirani yao Mzee Ishengoma, ambaye alikuwa mjumbe wa baraza la kata na anajua ushahidi. Nikamtafsiria Dokta Mrefu huku natafuta njia ya kukimbilia. Nilidhani atakasirika, aandike barua, hospitali ifungwe. Yeye akaniuliza tu kama nimebeba tochi.

Tukaingia kibanjani, katikati ya migomba, wanaume wanne. Jua lilikuwa kali kabisa, lakini tochi niliiwasha, ni heshima ya kazi. Mzee Laurian aliangalia mara moja akageukia migomba. Mzee Ishengoma alivaa miwani, akachuchumaa, akahesabu. Akaomba kuhesabu tena. Jambo lenyewe ni moja tu, sijui alikuwa anahofia kukosea wapi.

Tukarudi. Mzee Ishengoma akasimama mbele ya mkeka kama yuko barazani. Akatamka kwamba ameona kwa macho yake mawili kitu kimoja, na kovu liko kinenani, limepona vizuri. Shangazi akauliza, na watoto? Dokta Mrefu akatoa simu, akaonyesha picha ya watoto watatu wamesimama kwenye theluji. Shangazi akaishika simu karibu na mbali, akamtazama daktari usoni, akarudi kwenye picha.

"Pua ni yake," akasema. "Pua hii huwezi kuiazima."

Tukacheka, hata Deo akacheka, na nikadhani yameisha. Ndipo Adventina, ambaye toka asubuhi hajasema neno zaidi ya shikamoo, akaweka kile kikapu chini. Akamuuliza daktari, "Akisubiri mpaka harusi, atakuwepo?"

Dokta Mrefu akasema hajui.

"Na akienda sasa?"

Akasema anafikiri atakuwepo. Na akasema tena, sikutaka kutafsiri lakini nilitafsiri, kwamba baada ya kisu huenda zikahitajika dawa za dripu, nazo zinaweza kuilaza na hiyo itakayobaki isizae, labda kwa muda, labda moja kwa moja. Yeye kwao mbegu zake ziliwekwa kwenye barafu kabla ya dawa. Sisi hapa hatuna barafu hiyo. Friji ya wodi yetu mnaijua, hata maji ya kunywa inayatisha tu, haiyagandishi.

Adventina akasema, "Watoto ni habari ya baadaye. Mpelekeni Jumatatu." Akachukua kikapu chake akaendelea kugawa kahawa. Shangazi akatazama pembeni, akajifuta uso na kanga, akasema ni vumbi la boriti.

Jumatatu Deo akapanda machela. Nikalenga jikoni, tukafika upasuaji. Hapa mjifunze: hii haikatwi chini kama busha, inatolewa kwa kupitia kinenani, ndiyo maana ukimwona mtu kakatwa na mganga wa mtaani kwa chini, mwite daktari haraka. Kipande kikapelekwa Mwanza kwa basi, na majibu yakakaa huko mpaka nikafikiri yanasoma chuo. Dokta Mrefu alikuwa anazunguka uani anasema kwao ni siku chache tu. Yalipokuja, kweli, kansa, na zikatakiwa dripu za Mwanza.

Nilimsindikiza mimi. Na Shangazi Kokugonza akaja, hakuna aliyemwalika, amebeba mkungu wa matoke kichwani na mto wa kulalia. Dripu za kwanza zikaenda vizuri, Deo akatapika mpaka chakula cha kipaimara. Mara ya pili tukaambiwa dawa moja imekwisha, rudini nyumbani mtapigiwa simu. Deo nywele zimeshamtoka, amechoka, akasema twende nyumbani inatosha. Shangazi hakugombana na mtu. Alikwenda akakaa kwenye benchi mbele ya dirisha la dawa, akawa anatafuna kahawa na kumsalimia kila anayepita, habari za watoto, habari za mama. Siku ya kwanza walimwitikia. Siku ya tatu walianza kuzunguka mlango wa nyuma. Siku ya tano mfamasia alikuja mwenyewe ameshika boksi mikono miwili, akasema mama, imefika, nakuomba sasa ukapumzike.

Deo akamaliza dripu zote. Mpaka leo anakwenda kupimwa kila anapoitwa, na kila mara anarudi msafi. Nywele zimeota, nyingi kuliko zamani, ingawa hapo mnaweza kugawa kwa mbili.

Ila jambo moja msigawe. Deo hakumzidi fundi wa Nyakakika kitu chochote. Alipata tochi mapema, akapata daktari mwenye korodani moja asiyeona haya, akapata Shangazi wa kukaa dirishani siku tano. Ukikosa kimoja hapo, umekwenda. Kule kwa kina Dokta Mrefu mtu anapona hata kama hana shangazi. Nyie mnaobaki hapa, hayo ndiyo ya kuyatafutia dawa. Mimi nimemaliza, nina migomba ya kupalilia.

Haya, harusi. Jumapili ya tangazo la kwanza kanisa la Kamuli lilijaa mpaka nje. Padri alikuwa mgeni, ameletwa wiki hiyo, hajui habari zetu. Deo alikaa mbele na kichwa chake chenye vinywele vipya kama kuku wa siku tatu, Adventina upande wa pili. Padri akasoma majina yao, na wazazi wao, na vigango vyao. Halafu akasema kama desturi kwamba mwenye kujua kizuizi chochote cha ndoa hii anapaswa kusema. Wote tunajua maana yake: unanyamaza, ukiwa na neno unamfuata ofisini. Lakini Shangazi Kokugonza alilelewa kwamba mtu mkubwa akiuliza, anajibiwa. Akasimama kwenye benchi la pili, akarekebisha kanga, na ile sauti ya kengele ikajaa kanisa zima:

"Kilikuwepo kimoja, Padri. Kimeshakatwa."